Dar es Salaam inahesabu lita, wakazi wanahesabu saa

Mwishoni mwa Oktoba 2022, vuli ikiwa imegoma na Mto Ruvu umekonda, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Amos Makalla, alitangaza mgao wa maji. Takwimu iliyotolewa ilikuwa nyepesi kushikika: uzalishaji wa mitambo ya Ruvu umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300. Redio zikaibeba, magazeti yakaibeba, na ndani ya siku chache kila aliyekaa kijiweni alijua jiji limepungukiwa lita ngapi.

Mpangaji wa Buza au Chanika hakuihitaji takwimu hiyo. Alishazoea bomba linalotoa maji kwa siku za kubahatisha, mara nyingi usiku wa manane, hata katika miezi ambayo Ruvu inafurika hadi kumeza mashamba. Kwake yeye mgao haukuanza Oktoba. Kilichotokea Oktoba ni kwamba mgao ulifika mitaa isiyouzoea, na hapo ndipo ulipopata jina la dharura.

Naona hapo ndipo penye ugonjwa wa usimamizi wa maji wa jiji hili. Mamlaka zinajipima kwa lita zinazotoka mtamboni. Kipimo hicho kinampendeza mhandisi, kinampendeza mkandarasi, na mwanasiasa anakipenda kuliko wote, kwa sababu kinaongezeka kwa kujenga kitu kinachoonekana na kuzinduliwa kwa kukata utepe. Mkazi anapima kwa saa: maji yanatoka saa ngapi kwa wiki, yana nguvu ya kufika wapi, na yakikatika nani wa kunijibu. Kipimo cha kwanza kinaweza kupanda kila mwaka huku cha pili kikibaki palepale, na taarifa ya mwaka ikaendelea kusomeka vizuri.

Haki itendeke kwanza. Kazi iliyofanyika upande wa uzalishaji si ndogo. Mtambo wa Mtoni, unaochota Mto Kizinga, ni wa mwaka 1949 na unatoa kiasi kidogo tu. Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ukafuata katikati ya miaka ya 1970 kwa msaada wa Canada. Halafu tukakaa miongo kadhaa tukiishi kwa urithi huo, jiji likijaa. Katika muongo wa 2010 ndipo Ruvu Chini ulipopanuliwa kwa fedha za Marekani kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270, na Ruvu Juu kwa mkopo wa India kutoka milioni 82 hadi 196. Jumlisha 270 na 196 upate zile 466 za tangazo la Makalla.

Novemba 2022, mgao ukiwa umepamba moto, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa visima virefu vya Kigamboni, lita milioni 70 kwa siku. Ulikuwa msaada wa kweli kwa wakati ule. Lakini mwenye kumbukumbu anajua kuwa visima vya Kimbiji na Mpera vilitajwa kwa miaka mingi kwamba vingeleta lita milioni 260. Mwezi huohuo ukasainiwa mkataba wa ujenzi wa Bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, mradi uliokuwa ukisemwa kwa miongo kadhaa: lita bilioni 190 za akiba na megawati 20 za umeme juu yake.

Kidunda inahitaji kuelezwa vizuri, maana mitaani watu wanaisubiri wakidhani siku geti likifunguliwa mabomba ya Mbagala yatalia. Bwawa linashika maji ya masika ili yaachiwe taratibu wakati wa kiangazi, Ruvu isikauke na pampu zisibaki zikivuta tope. Maana yake ni kwamba litazilinda zile lita milioni 466. Haliziongezi mpaka mitambo ya kusafisha iongezwe, na haziwafikii wasio na bomba mpaka bomba lilazwe. Ni bima nzuri, na nchi yenye mvua zisizotabirika inaihitaji. Ila mwenye bima ya gari lililoharibika injini bado atatembea kwa miguu.

Tuje sasa kwenye hesabu ambayo haina utepe wa kukata. Kwa miaka mingi taarifa za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, zimeonyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hayarudishi shilingi: yanavuja njiani, yanaibwa, au yanapita kwenye mita mbovu na mita zisizosomwa. EWURA inakitaja kiwango kinachovumilika kuwa asilimia 20. Chukua lita milioni 466 na theluthi tu. Unapata lita milioni 155 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya visima vyote vya Kigamboni. Teremsha upotevu huo ufike asilimia 20 na utakuwa umeokoa lita milioni 62, karibu sawa na mradi mzima uliozinduliwa na Rais. Sitaki kuidanganya hesabu hii: sehemu ya maji hayo inanywewa na watu, ila hailipiwi, kwa hiyo si kila lita iliyopotea kwenye vitabu imemwagika ardhini. Hata tukikata nusu, bado ni maji ambayo yameshavutwa kutoka Ruvu, yameshawekewa dawa, yameshasukumwa kwa umeme wa TANESCO kutoka Mlandizi hadi matenki ya Kimara. Gharama yote imeshalipwa. Kilichobaki ni kuyafikisha.

Kwa nini basi upotevu haushuki? Sababu ya kwanza ni kwamba kuziba uvujaji hakuna sherehe. Mafundi wanne wanachimba barabara Tandika saa nane usiku, wanabadilisha kiungo kilichooza, wanafukia. Hakuna waziri atakayekuja. Kesho yake kinapasuka kingine hatua ishirini mbele, na jirani anayepiga picha ya bwawa la maji barabarani anaiona mamlaka ileile kuwa haifanyi kazi.

Ya pili haisemwi sana, na ndiyo inayonisumbua zaidi: mgao wenyewe unabomoa mtandao. Bomba lililojaa maji muda wote hukaa salama kwa miaka. Bomba linalokauka siku tatu kisha likajazwa ghafla hupigwa na msukumo wa maji na hewa, viungo vikalegea, nyufa zikafunguka. Hewa hiyo ikipita kwenye mita huzungusha mshale, ndiyo maana malalamiko ya watu kwamba wanalipia upepo si ya kipuuzi hata kidogo. Na bomba likiwa tupu, nje yake kuna maji ya mtaro na ya vyoo vya shimo. Ule ufa uliokuwa ukivujisha maji kwenda nje sasa unanyonya uchafu kuingia ndani. Maji yakirudi, lita za mwanzo zinatoka za rangi ya chai na kila mama wa nyumbani anajua kuyaachia yamwagike. Huo nao ni upotevu, hata kama mita imeuhesabu.

Halafu watu nao wanajilinda, na kujilinda kwao kunazidisha tatizo. Mwenye uwezo anachimba tenki la chini, anapandisha matenki ya lita 5,000 juu ya mnara, anafunga pampu. Wapo wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Ikiwashwa, inavuta sehemu ya jirani zake wa mwisho wa mstari. Maji yakitoka saa sita kwa wiki, nyumba yenye tenki kubwa inakusanya ya wiki nzima ndani ya saa hizo sita. Nyumba yenye ndoo nne inakusanya ndoo nne. Kwenye ratiba ya mgao nyumba hizo mbili zimepewa haki sawa, na ofisa anaweza kuitetea ratiba hiyo mbele ya kamera bila kusema uongo wowote.

Nani anaziba pengo? Mwenye guta na madumu yake, mwenye boza, na mwenye kisima. Tangu ukame wa 1997, visima vilipoanza kuchimbwa kwa wingi kama hatua ya dharura, dharura haijaisha. Imegeuka kuwa mfumo. Karibu na pwani visima vingi vimeanza kuonja chumvi, kwa sababu ukivuta maji baridi kuliko mvua inavyoyarudisha, bahari inasogea chini ya ardhi kushika nafasi. Kwingineko vimezungukwa na vyoo vya shimo. Na bei? Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita ishirini. Dumu likiuzwa shilingi 100, uniti inakuwa shilingi 5,000. Likipanda hadi 300, kama inavyokuwa maji yakikosekana, ni shilingi 15,000. Msomaji mwenye ankara ya DAWASA kwenye simu aifungue aangalie bei yake ya uniti, kisha aseme nani katika jiji hili anayeuziwa maji ghali.

Simlaumu mwenye guta. Anaamka alfajiri, anasukuma mzigo mlimani, na anafika kwa saa anayosema. Kwa kipimo cha mkazi, huduma yake inatabirika kuliko ya bomba. Lakini mfumo ambao maskini analipa mara kadhaa ya anacholipa mwenye bustani hauwezi kuitwa wa muda ukiwa umefikisha robo karne.

Kuna wanaoamini dawa ni kubadilisha mwenye mali. Tumeshajaribu. Agosti 2003, chini ya masharti ya mkopo mkubwa wa Benki ya Dunia na wenzake, uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya City Water Services, ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi. Haukufika hata miwili. Mei 2005 Serikali, Waziri wa Maji na Mifugo akiwa Edward Lowassa, iliuvunja, na wiki chache baadaye mameneja wa kigeni wakaondolewa nchini. Kesi ikapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, na hukumu ya Julai 2008 ikawa ya kuchekesha kwa asiyehusika: Tanzania ilivunja wajibu wake kwa mwekezaji, lakini fidia ni sifuri, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshazama yenyewe.

Watu wa pande zote mbili za siasa waliisoma hadithi hiyo walivyotaka. Wapo waliosema ubinafsishaji ni wizi, wapo waliosema Serikali haiheshimu mikataba. Mimi naisoma kwa jambo jingine. Mpangilio wa wakati ule ulikuwa wa vyombo viwili: DAWASA anamiliki mitambo na mabomba na anapaswa kuwekeza, mwendeshaji anauza maji na kukusanya fedha. Bomba likipasuka, mwendeshaji anasema ni chakavu, mmiliki hajabadilisha. Mmiliki anasema mwendeshaji haleti makusanyo. City Water alipoondoka, akaja DAWASCO, shirika la umma, na malumbano yakaendelea kwa Kiswahili. Ilichukua hadi 2018 kuviunganisha viwili hivyo kuwa DAWASA moja. Kuunganisha kulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Angalau sasa mlango wa kugonga ni mmoja.

Mmoja wa kugonga, ndiyo, lakini nyuma yake mna korido ndefu. Mto Ruvu haumilikiwi na DAWASA. Vibali vya kuchota viko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro. Bei inapangwa na EWURA. Sera na miradi mikubwa iko Wizarani Dodoma. Viwanja vinapimwa na halmashauri na Wizara ya Ardhi, ambazo zinaweza kuruhusu mtaa mzima ujengwe juu ya mlima ambao maji hayapandi bila pampu, kisha wakazi wakaelekezwa kwa DAWASA. Barabara ni za TANROADS au TARURA, na kila zinapopanuliwa mabomba yanakatwa, mara nyingine bila ramani. Na tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa na hadhi ya jiji kupewa Ilala, hakuna chombo kimoja cha kuchaguliwa kinachoitazama Dar yote kwa pamoja. Kuna halmashauri tano, kila moja na meya wake, na hakuna meya hata mmoja anayeweza kuulizwa kuhusu maji akawa na jibu lake mwenyewe.

Sensa inalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi kuliko linavyosemwa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.4 mwaka 2012, na milioni 5.4 mwaka 2022. Ukiishia hapo utasema kasi imepoa. Tazama Pwani: kutoka watu milioni 1.1 mwaka 2012 hadi milioni 2 mwaka 2022. Jiji halijaacha kukua. Limevuka mpaka, limekwenda Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, ambako kiwanja bado kinanunulika. DAWASA imewafuata, na eneo lake la huduma leo linagusa mikoa miwili. Bomba la Ruvu Juu linapita Kibaha likielekea Kimara. Mtu wa Kibaha akiunganishwa, na ana haki ya kuunganishwa, msukumo wa kufika Kimara unapungua. Nani anapanga uwiano huo? Kwa sasa anaupanga fundi wa vali, kwa maelekezo ya simu. Ni uamuzi wa kisiasa wenye uzito kuliko mengi yanayojadiliwa kwenye mabaraza ya madiwani, nao unafanywa kwa spana.

Juu ya mto mambo hayajatulia pia. Kila Ruvu inaposhuka, macho hugeukia wafugaji na wakulima wa umwagiliaji, operesheni inatangazwa, pampu zinakamatwa, mifereji inafukiwa. Mengine ni halali kabisa, kwani wapo wanaochepusha mto bila kibali. Lakini Waluguru wanaolima kwenye miteremko ya Uluguru, kunakozaliwa Ruvu, waliwahi kuguswa kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 2000, katika kata ya Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima walilipwa kwa kulima kwa matuta na kupanda miti ili udongo usishuke mtoni, na wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wazo lilikuwa la busara: anayekunywa chini amlipe anayetunza juu, maana tope likipungua gharama ya dawa mtamboni inapungua. Ulibaki mpango wa mradi, ukaisha mradi ulipoisha. Sheria ya rasilimali za maji tunayo tangu 2009 na kila mwenye kibali kikubwa hulipa ada ya matumizi ya maji. Sijaona sababu ya msingi ya sehemu ya ada hiyo kushindwa kupanda mlima hadi Kibungo Juu kila mwaka, bila kusubiri mfadhili.

Majitaka nayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo. Mtandao wa mabomba ya majitaka unahudumia sehemu ndogo sana ya jiji, wengine wote ni vyoo vya shimo na gari la kunyonya kwa anayemudu. Asiyemudu husubiri mvua kubwa na kutapisha choo kwenye mkondo unaoelekea Msimbazi. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia jijini humu, kikasambaa nchi nzima. Kila lita mpya inayoletwa mjini ni lita mpya ya majitaka inayotafuta pa kwenda, na kwenye hotuba za uzinduzi sentensi hiyo haimo.

Watu hupenda kuleta mifano ya Singapore, ambayo haitusaidii kwa sababu fedha zao si zetu. Phnom Penh, Cambodia, inatufaa zaidi. Mwaka 1993 mji ule ulikuwa umetoka vitani, ukipoteza asilimia 72 ya maji yake. Mkurugenzi aliyepewa mamlaka ile, Ek Sonn Chan, hakuanza kwa kutafuta mto mpya. Alifunga mita, akawasaka wezi wa maji wakiwamo wafanyakazi wake mwenyewe, na akawaendea wakubwa wasiolipa kabla ya kuwaendea wadogo. Inasimuliwa kuwa jenerali mmoja alimwelekezea bastola alipokwenda kufunga mita nyumbani kwake; alirudi na askari, akayakata maji. Kufikia mwisho wa muongo wa 2000 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6, na maji yakitoka saa 24.

Bastola ile inanivutia kuliko asilimia. Kwetu madeni ya taasisi za umma kwa mamlaka za maji ni kibwagizo cha taarifa za ukaguzi, na kila mara yanaelezwa kama usumbufu wa kihasibu. Mkurugenzi wa mamlaka ya maji hapa anateuliwa kutoka juu, bodi inateuliwa kutoka juu, na wadaiwa wakubwa wako hukohuko juu. Kumtaka akate maji ya kambi au wizara ni kumtaka akate tawi alilokalia. Atakachofanya ni kile ambacho yeyote wetu angefanya: atakwenda na gari la matangazo Manzese, awakatie wenye deni la elfu arobaini. Ndiyo maana sina shauku kubwa na mita za malipo ya kabla, LUKU ya maji kama wenyewe wanavyoziita, iwapo zitaanzia kwa wapangaji. Zifungwe kwanza kwenye ofisi za Serikali, na mwaka mmoja baadaye tuzungumze.

Cambodia haikuwa na demokrasia ya kujivunia, kwa hiyo siuzi mfano huu kama ushahidi kwamba wananchi wakipewa sauti kila kitu kinanyooka. Ninachokiona ni kwamba Ek Sonn Chan alipewa vitu viwili kwa pamoja: uhuru wa kukusanya, na kipimo kilichomfunga. Idadi ya saa na kiwango cha upotevu vilikuwa mezani. DAWASA ina sehemu ya uhuru huo. Kipimo ndicho kinachokosekana, au kipo lakini kinakaa kwenye majedwali ya Dodoma katika sura moja inayowakilisha jiji zima. Wastani wa saa za huduma kwa Dar yote hauna maana kwa mtu yeyote anayeishi Dar. Ukichanganya Oysterbay na Mbagala Kuu unapata mtaa ambao haupo.

Nini kifanyike ni jambo dogo kulisema. Mtandao ugawanywe kwa kanda ndogo zenye mita kubwa mlangoni, ili ijulikane maji kiasi gani yameingia Tandale na mangapi yamelipiwa Tandale. Kazi hiyo imeanza katika baadhi ya maeneo na inapaswa kutengewa fedha kabla ya chanzo kingine chochote kipya, pamoja na huo mpango wa kuleta maji ya Rufiji unaozungumzwa sasa. Kila kanda iwe na saa zake za huduma zinazotangazwa kila mwezi, kwa jina la mtaa, zibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Ratiba ya mgao inasema kilichoahidiwa. Tunataka kujua kilichotokea. Mkataba wa mkurugenzi na wa meneja wa kila kanda ufungwe kwenye takwimu hizo, na kwenye upotevu, badala ya lita za mtamboni ambazo meneja wa Temeke hana uwezo wa kuzibadilisha hata akikesha.

Haihitaji sheria mpya. EWURA ina meno yake tayari, kwa sababu hakuna mamlaka ya maji inayopandisha bei bila kupitia kwake, na kabla ya kupandisha lazima uitishwe mkutano wa taftishi, wananchi wasikilizwe, na Baraza la Ushauri la Watumiaji liwasemee. Nimesoma michango mingi inayotolewa kwenye mikutano hiyo. Karibu yote ni ya maisha magumu, na mwombaji wa bei mpya huwa na jibu lake tayari: umeme umepanda, dawa zimepanda, dola imepanda. Anakuja na majedwali, mkazi anakuja na manung'uniko, na EWURA inapaswa kuamua kwa ushahidi.

Basi taftishi ijayo ya DAWASA iendwe na daftari. Mwenyekiti wa mtaa yeyote anaweza kuteua nyumba kumi, juu ya mlima na bondeni, mwanzo wa bomba na mwisho wake, na kila nyumba ikaandika kwa miezi mitatu tarehe na saa maji yalipoanza na yalipokoma. Gharama yake ni kalamu. Mitaa hamsini ikifanya hivyo, mwombaji atalazimika kueleza kwa nini bei ya saa sita kwa wiki iwe sawa na bei ya saa sita kwa siku, na EWURA italazimika ama kukubali takwimu hizo au kuja na zake.